Kabla ya Kugusa Karata za Mezani

Mikataba mingi ya briji hufia kwenye mzunguko wa kwanza, wakati mchezaji bado anadhani mchezo haujaanza. Mpinzani wa kushoto ametoa karata, mwenzi amelaza karata zake 13 wazi mezani, na mwenye mkataba, kwa mazoea ya miaka mingi ya karata za haraka barazani, anakula hapohapo kwa sababu anaweza kula. Dakika mbili baadaye anatambua kwamba ree aliyoitumia ndiyo iliyokuwa kinga yake ya pekee. Hapo hakuna tena cha kupanga. Anabaki kuhesabu hasara.

Ushauri huu ni kwa watu wanaojua karata tayari, na watu hao si haba kusini magharibi mwa Tanzania. Katika Bonde la Msangano wilayani Momba, kama ilivyo Tunduma ambako malori hupanga foleni kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, pakiti ya karata haihitaji kutambulishwa kwa mtu. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Mpunga na ufuta vikishatoka shambani, miezi ya kiangazi humpa mkulima nafasi ya kukaa na wenzake. Briji haidai umeme wala uwanja. Inataka watu wanne, karata 52 na utulivu, na katika hayo matatu, utulivu ndio unaokosekana zaidi.

Mchezo wenyewe una karibu miaka 100. Mmarekani Harold Vanderbilt alipanga hesabu zake za alama mwaka 1925 akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama, na hesabu hizo ndizo zilizozaa briji ya sasa. Afrika si mgeni. Omar Sharif, mwigizaji wa Misri aliyefariki mwaka 2015, alikuwa mchezaji hodari wa briji na mwandishi wa safu za magazeti kuhusu mchezo huo. Mashindano ya dunia ya timu ya mwaka 2023 yalifanyika Marrakech, Morocco. Kenya ina chama chake. Msangano bado haijafikiwa kwa kiasi cha kusikika, lakini hakuna kitu katika mchezo huu ambacho mchezaji mzuri wa turufu hawezi kukishika.

Sheria chache zinatosha kufuata mifano iliyo hapa chini. Wachezaji wanne huketi kwa jina la pande nne za dunia, na wanaotazamana ndio wenzi: Kaskazini na Kusini dhidi ya Mashariki na Magharibi. Kila mmoja hupewa karata 13. Hufanyika mnada, kila upande ukitaja idadi ya mizunguko ambayo unaahidi kula juu ya sita, na aina itakayokuwa turufu, au bila turufu kabisa. Kwa hiyo “tatu bila turufu” ni ahadi ya kula mizunguko tisa kati ya 13, na “kopa nne” ni ahadi ya kumi huku kopa zikiwa turufu. Katika upande ulioshinda mnada, aliyetangulia kuitaja aina hiyo ndiye mwenye mkataba. Mpinzani wa kushoto kwake hutoa karata ya kwanza, kisha mwenzi wa mwenye mkataba hulaza karata zake wazi na kunyamaza. Kuanzia hapo mtu mmoja anacheza mikono miwili. Anaziona karata 26 za upande wake, na zilizofichika kwa wapinzani ni 26.

Hapa ndipo mazoea ya zamani hudhuru. Aliyekulia kwenye mchezo wa wahedi wa sitini amezoea kuwinda alama: ree ina alama 11, saba inazidi mfalme, na anayefikisha 61 kati ya 120 ameshinda. Ni kawaida kwake kurukia mzunguko wenye mali na kudharau mtupu. Kwenye briji mizunguko yote ina uzito sawa. Saba inarudi kuwa saba, chini ya nane. Mzunguko wa karata mbilimbili na tatutatu una thamani ileile ya mzunguko wenye ree na wafalme, na mara nyingi wa kuachia kwa makusudi ndio unaookoa mkataba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu, na hufanywa kabla karata yoyote ya mezani haijaguswa. Mkataba ukiwa bila turufu, mchezaji ahesabu mizunguko anayoweza kuila bila kuwapa wapinzani nafasi ya kuingia. Mkataba ukiwa na turufu, ahesabu pia mizunguko atakayopoteza. Tofauti kati ya alichonacho na alichoahidi ndiyo swali la mkono huo, na mkono wenye swali lililotamkwa wazi una nafuu. Anayecheza bila kujua amepungukiwa na mizunguko mingapi anapapasa gizani hata kama ni fundi.

Chukua mkono huu. Kusini ameahidi tatu bila turufu. Ana shupaza ree, 8 na 3. Kopa mfalme, malkia na 4. Uru malkia, 8 na 2. Pau mfalme, 7, 5 na 4. Mezani kuna shupaza 6 na 4. Kopa ree, 7 na 2. Uru mfalme, ghulamu, 10, 9 na 5. Pau ree, 8 na 3. Magharibi anatoa shupaza ndogo na Mashariki anaweka mfalme.

Hesabu: shupaza moja, kopa tatu, pau mbili. Hizo ni sita za uhakika, na zinatakiwa tisa. Uru zinatoa nne mara tu ree ya uru, iliyo kwa wapinzani, itakapotolewa. Kwa hiyo chanzo cha mizunguko kinajulikana, na inajulikana pia kwamba wapinzani wataingia mara moja. Hatari ni shupaza. Upande wa Kusini una tano tu, hivyo wapinzani wana nane, na mgawanyo unaotisha ni tano kwa Magharibi na tatu kwa Mashariki.

Kusini akila shupaza ya kwanza kwa ree kisha akaiwinda ree ya uru, aliye nayo ataingia na wapinzani watakula shupaza nne. Jumlisha na ree ya uru: mizunguko mitano imekwenda na mkataba umeanguka. Lakini akiachia shupaza ya kwanza, akaachia na ya pili, kisha akala ya tatu, Mashariki atakuwa ameishiwa shupaza. Sasa ree ya uru ikiwa kwa Mashariki, anaingia bila njia ya kumfikishia mwenzake. Kusini amepoteza shupaza mbili na uru moja, na anamaliza na mizunguko kumi. Shupaza zikiwa zimegawanyika nne kwa nne, hakuna hatari: wapinzani wanakula shupaza tatu na ree, na mkataba unasimama. Umbo baya ni moja tu, shupaza tano au zaidi zikiwa kwa Magharibi pamoja na ree ya uru, na kwa hilo hakuna mbinu ya kuaminika.

Ipo kanuni rahisi ya kujua uachie mara ngapi pale kinga yako ikiwa ree peke yake. Jumlisha karata za aina hiyo ulizonazo mkononi na mezani, utoe kwenye saba. Hapa ni tatu na mbili, jumla tano; saba kutoa tano ni mbili. Achia mara mbili. Kanuni hii isichukuliwe kama amri. Kukiwa na aina nyingine dhaifu zaidi ambayo wapinzani wanaweza kuihamia, kuachia kunakuwa ni kuwafungulia mlango, na hapo ni afadhali kula mapema.

Mikataba yenye turufu ina mtego wake, na huu huwanasa wachezaji wazoefu zaidi ya wageni. Wengi wamefundishwa kukomba turufu za wapinzani kwanza, ili karata kubwa za aina nyingine zisikatwe. Mara nyingi ni sahihi. Lakini turufu za mezani nazo zinakombwa pamoja na za wapinzani, na huenda zina kazi.

Tazama mkataba wa kopa nne. Kusini ana kopa ree, mfalme, ghulamu, 10 na 5. Shupaza ree, mfalme na 4. Uru ree na 7. Pau mfalme, 7 na 3. Mezani kuna kopa malkia, 7 na 4. Shupaza 6 na 3. Uru mfalme, 8, 5 na 2. Pau 9, 6, 4 na 2. Magharibi anatoa malkia wa uru. Kusini ana kopa tano, shupaza mbili na uru mbili. Hizo ni tisa, imepungua moja. Mchezaji wa pupa atakomba turufu mara tatu, meza itabaki bila kopa hata moja, kisha atamgeukia mfalme wa pau akiomba ree ya pau iwe kwa Mashariki. Hiyo ni nusu kwa nusu, kwa mkataba uliokuwa karibu na uhakika.

Shupaza ya tatu ndiyo jibu. Meza ina shupaza mbili tu. Kusini anakula uru kwa ree, anacheza ree na mfalme wa shupaza, kisha anaongoza shupaza 4 na kuikata mezani. Kukata kwa kopa ipi? Wengi watatumia 4 ili kubana matumizi. Hapana. Mashariki akiwa na shupaza mbili tu, anaweza kuikata juu yake kwa kopa 8 au 9, na mzunguko uliotafutwa kwa jasho unapotea. Kusini akate kwa malkia. Mkononi bado ana ree, mfalme, ghulamu na 10, karata nne zinazoshinda kopa zozote za wapinzani, kwa hiyo malkia hapotezi kitu. Baada ya hapo anarudi mkononi kwa kopa ndogo na ndipo anakomba. Mizunguko kumi imepatikana, na pau hazikuguswa kabisa.

Baada ya kuhesabu, mchezaji hukuta njia mbili au tatu za kupata kile kilichopungua. Hapa zinaingia asilimia, na zinazohitajika kukaririwa ni chache. Wapinzani wakiwa na karata tano za aina moja kati yao, hugawanyika tatu kwa mbili kwa asilimia 68, nne kwa moja kwa 28, na zote tano upande mmoja kwa 4. Wakiwa na sita, nne kwa mbili ni asilimia 48 na tatu kwa tatu ni 36 tu. Wakiwa na nne, tatu kwa moja ni asilimia 50 na mbili kwa mbili ni 41. Msomaji ataona mwelekeo: karata zao zikiwa idadi ya witiri, tarajia mgawanyo wa kukaribiana, zikiwa shufwa, usitegemee usawa. Wapo wanaotegemea tatu kwa tatu kana kwamba ni haki yao, wakati kwa wastani itawaangusha karibu mara mbili kati ya tatu.

Kupenyeza, yaani kuongoza karata ndogo kuelekea ree na malkia na kumweka malkia kwa matumaini kwamba mfalme yuko kwa anayecheza kabla yake, ni asilimia 50. Ni mbinu nzuri, na kwa uzuri wake huo inapendwa kupita kiasi. Mchezaji hodari haulizi tu kupenyeza kuna nafasi gani. Anauliza kama kuna jambo la kujaribu kwanza ambalo, likishindikana, bado linamwachia nafasi ya kupenyeza.

Mfano: mkataba ni tatu bila turufu, Kusini ana mizunguko minane na anatafuta wa tisa. Wapinzani wakiingia mara moja tu wanakula shupaza za kutosha kuangusha mkataba. Mkononi kuna kopa ree na malkia, mezani kopa mbili ndogo. Pau za mezani ni ree, mfalme, 8, 6 na 4. Za mkononi ni ghulamu, 7 na 3. Anayekimbilia kopa amejipa asilimia 50, na akishindwa ameshindwa. Lakini ree na mfalme wa pau vinaweza kuchezwa bila kumpa mpinzani nafasi ya kuingia. Malkia wa pau akiwa peke yake, au akiwa na karata moja tu ya kumsindikiza, ataanguka, na ghulamu atakuwa mzunguko wa tisa. Hilo hutokea kwa takriban asilimia 33. Asipoanguka, Kusini yuko mezani tayari, na anaongoza kopa kuelekea ree na malkia. Nafasi mbili zikiunganishwa hufika asilimia 66. Karata ni zilezile, meza ileile. Kilichobadilika ni mpangilio. Jaribio lisilopoteza uongozi hutangulia, linaloupoteza hufuata.

Swali linaloulizwa na kila anayejifunza ni la malkia aliyekosekana. Ukiwa na karata nane za aina moja pamoja na ree na mfalme, malkia akiwa kwa wapinzani, penyeza. Ukiwa na tisa, cheza ree na mfalme ukitarajia malkia aanguke. Kanuni hii inasemwa kwa ukali kana kwamba ya pili haina ubishi, kumbe kwa karata tisa tofauti ni ndogo sana: baada ya kucheza ree, na kila mmoja kufuata kwa ndogo, na mpinzani wa kwanza kufuata tena kwa ndogo, kuangusha ni kama 52 kwa 48 dhidi ya kupenyeza. Kwa tofauti hiyo, habari yoyote kutoka kwenye mnada ina uzito zaidi ya kanuni. Ikiwa mpinzani mmoja alitangaza aina ndefu, nafasi mkononi mwake kwa ajili ya aina nyingine zimepungua, na malkia ana uwezekano zaidi wa kuwa kwa mwenzake.

Kuhesabu karata za wapinzani ndiyo sehemu ya mchezo inayostahili kukaliwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Kila mpinzani ana karata 13, si zaidi wala pungufu, na kila karata anayoicheza au kuitupa inapunguza kilichofichika. Tuseme meza ina uru mfalme, ghulamu na 4, na mkononi kuna ree, 10 na 5. Malkia anaweza kunaswa kwa upande wowote, ila sharti uchague. Asiyehesabu anachagua kwa hisia, au kwa kumtazama mtu usoni. Anayehesabu anaziacha uru hadi mwisho na kucheza aina nyingine kwanza. Kwenye mnada Magharibi alionyesha shupaza sita. Kopa zinapochezwa anaonekana kuwa nazo nne. Kwenye pau anafuata mara mbili, kisha anatupa shupaza. Sita, nne na mbili ni 12. Amebakiwa na nafasi ya uru moja tu, na kati ya uru saba za wapinzani, sita ziko kwa Mashariki.

Sasa Kusini anacheza mfalme wa mezani kwanza. Uru moja ya Magharibi ikiwa ni malkia, anaanguka hapo. Asipoanguka, yuko kwa Mashariki bila shaka yoyote; Kusini anaongoza uru 4 kutoka mezani, Mashariki akiweka ndogo anaweka 10, nayo inakula. Kilichokuwa nusu kwa nusu kimekuwa hakika, na gharama yake ilikuwa subira na kujumlisha hadi 13. Watu wa bao watalielewa hili haraka, maana nao wamezoea kufuatilia kete nyingi kwa kichwa bila kalamu.

Lipo jambo moja ambalo huwashangaza hata wenye hisabati. Mezani kuna kopa mfalme, 10, 7 na 3. Mkononi ree, 9, 6, 5 na 4. Wapinzani wana malkia, ghulamu, 8 na 2. Kusini anacheza ree, na Mashariki anaangusha malkia. Kusini anaongoza tena, Magharibi anaweka ndogo ya mwisho. Je, mezani awekwe mfalme kwa kudhani Mashariki alikuwa na malkia na ghulamu pamoja, au 10 kwa kudhani malkia alikuwa peke yake?

Akili ya haraka inasema ni sawasawa. Si sawasawa. Mashariki akiwa na malkia peke yake, hakuwa na hiari, ilimlazimu amwangushe. Lakini angekuwa na wote wawili, angeweza kumwangusha yeyote, na mara nyingi tungemwona ghulamu. Kwa hiyo kumwona malkia kunaipunguza kwa nusu hali ya kuwa nao wawili. Kwa tarakimu, malkia peke yake kwa Mashariki ni asilimia 6.2, malkia na ghulamu pamoja ni 6.8, lakini nusu yake ndiyo inayolingana na tulichokiona, yaani 3.4. Weka 10. Utakuwa sahihi karibu mara mbili kwa kila mara moja utakayokosea. Asiyeamini achukue karata hizo nne, azigawe kwa makundi mawili mara nyingi, na aandike matokeo kwenye daftari.

Uchaguzi wa njia bora umejaribiwa hata kwa kompyuta. Machi 2022 jijini Paris, programu iitwayo NooK, ya kampuni ya Ufaransa NukkAI, ilipambana na mabingwa wanane wa dunia. Mnada uliachwa kando; kilichopimwa ni kazi ya mwenye mkataba tu. Kila bingwa alicheza mikono 100, NooK nayo ikacheza mikono ileile, na wapinzani wa pande zote walikuwa programu zilezile. Mikono hiyo 800 ilipangwa katika seti 80, na NooK ilishinda 67. Kinachomgusa mchezaji wa kawaida ni jinsi programu ile ilivyoundwa: iliweza kueleza sababu za uchaguzi wake, na ilijua kusoma tabia za wapinzani waliokaa mezani. Mambo hayo mawili mwanadamu anaweza kuyafanyia mazoezi.

Yapo pia ya kuepuka. La kwanza ni kupima uamuzi kwa matokeo. Njia ya asilimia 66 hushindwa mara moja kati ya tatu, na haikuwa kosa; njia ya asilimia 33 hufaulu mara moja kati ya tatu, na anayeshangiliwa kwayo anajifunza vibaya. Mwenzi mwema huuliza “ulipanga nini?” kabla ya kuuliza “kwa nini tumeanguka?” Lawama mezani ni sumu, na historia ya mchezo ina kisa cha kutisha: mjini Kansas City, Marekani, Septemba 1929, Myrtle Bennett alimpiga risasi na kumuua mumewe John baada ya ugomvi wa mkataba wa shupaza nne ulioanguka. Mwaka 1931 mahakama ilimwona hana hatia.

La pili ni dau. Karata zina sifa mbaya kwa wazazi na viongozi wa dini wengi, na kwa sababu ya kueleweka: wameona pesa ya mbolea ikiishia kwenye kamari. Briji ya mashindano haihitaji senti moja kuwa na ladha, na wanaoianzisha kijijini wafanye hivyo hadharani, mchana, bila dau, ili mtu yeyote asimame na kutazama.

Bahati ya mgao nayo ina dawa. Idadi ya mikono tofauti ya karata 13 ambayo mchezaji mmoja anaweza kupata ni 635,013,559,600, kwa hiyo kulalamikia mgao ni kazi isiyoisha. Mashindano yote makubwa hutumia utaratibu wa mikono ya kurudiwa: karata hazichanganywi baada ya kuchezwa. Kila mchezaji huweka zake mbele yake, kisha mikono minne huhamishiwa meza nyingine ikiwa vilevile. Walio na karata nzuri wanalinganishwa na waliokuwa na karata hizohizo nzuri. Kinachobaki ni uamuzi.

Hilo linawezekana Msangano au Chitete kwa watu wanane, meza mbili, pakiti kadhaa kutoka madukani Tunduma na bahasha za kaki. Kila pakiti inagawiwa katika bahasha nne zilizoandikwa Kaskazini, Kusini, Mashariki na Magharibi. Meza ya kwanza ikimaliza, karata zinarudi kwenye bahasha zake na kwenda meza ya pili. Kwa wanaoanza, mnada unaweza kuachwa na mkataba ukapangwa mapema, ili nguvu zote ziende kwenye uchezaji. Mwenye mkataba aandike kwenye karatasi, kabla ya kugusa karata ya mezani, mambo matatu: ana mizunguko mingapi, amepungukiwa na mingapi, na ataitafuta wapi. Baada ya meza zote kumaliza, karatasi mbili zinasomwa kwa sauti. Mwenye simu ya intaneti anaweza kuendelea peke yake kwenye Bridge Base Online, ambako kuna roboti wa kucheza nao usiku wowote.

Walimu wa hisabati wa sekondari za Momba wana nafasi ya pekee hapa. Mada ya uwezekano hufundishwa kwa sarafu, dadu na mipira ndani ya mfuko, na wanafunzi huisahau mtihani ukipita. Mwalimu aanze na karata tano za kopa zilizofichwa ndani ya karata 26 za watu wawili, awaulize wanafunzi zitagawanyika vipi, awape dakika kumi za kugawa na kuandika, kisha alinganishe daftari zao na asilimia 68. Uongozi wa shule ukiridhia, wanafunzi wanne na pakiti moja vinatosha kuanza muhula ujao.